Madam wa Sava na Chumba cha Watoto

Madam alikuwa anabisha mlango ambao ufunguo wake alikuwa nao yeye mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu, tena si mara moja. Anafika, anagonga kwa kifundo cha kidole, anangoja kidogo, ndipo anafungua na kuingia kwenye chumba cha sava, chumba ambacho hakina mtu, kina mashine moja nyeusi inayovuma, kompyuta kuu ya hospitali nzima, na kiyoyozi ukutani. Siku moja nikamuuliza, Madam, humo ndani unampigia nani hodi, mizimu? Akaniangalia vile alivyoangalia watu wote, juu ya miwani. "Fundi," akasema, "leo hakuna mtu. Siku kutakuwa na mtu, utaniambia nini?" Akafungua akaingia, nami nikarudi kwenye jenereta yangu.

Mimi ni fundi wa umeme na jenereta kwenye hospitali moja huku kwetu Busia, nje kidogo ya mji, upande wa Mundika. Jina la hospitali naliacha. Jina lake yeye pia naliacha, maana hakuna aliyemwita kwalo. Mamadam hospitalini ni wengi, kuna madam wa manunuzi, kuna madam wa jikoni, lakini ukisema Madam bila kuongeza kitu, hata askari wa geti anajua unamtafuta nani. Alizaliwa wapi, alisomea wapi, aliolewa akaachika au hakuolewa kabisa, hayo sikuyachimba na sina haja nayo hapa. Nilichojua ni kwamba yeye ndiye aliyeilisha ile mashine, mimi ndiye niliyeipa umeme, na milango yetu ilitazamana.

Umeme ukipotea, na kwetu hupotea bila kuaga, tulikuwa watu wawili wa kukimbia. Mimi nakimbilia jenereta, yeye anakimbilia sava. Nikirudi namkuta amesimama mbele ya mashine akiimba ubeti wa wimbo wa kanisani, sauti imekauka, haipandi wala haishuki. Ule ubeti ndio uliokuwa saa yake. Mashine ikiwaka kabla hajaumaliza, anatabasamu. Ikichelewa, anaurudia tangu mwanzo, polepole zaidi, na hapo nilijua nisimsemeshe.

Sasa hilo jambo la hodi halikuwa la mlango peke yake. Madam aliuliza ruhusa ya kila kitu. Akitaka kuzima printa ambayo haijachapisha chochote tangu mvua za mwaka jana, anabandika tangazo ukutani. Akitaka kusogeza kiti chako, anakungoja urudi. "Uliza kwanza," ndilo lililokuwa neno lake, na alilisema kwa wakubwa na wadogo sawasawa. Mimi lilinichosha. Kuna siku tulitumwa wawili kununua nyaya za mtandao, na nyaya kama hizo bei yake ni nafuu ukivuka upande wa Uganda. Mtu wa Busia havukii ofisi ya forodha kwa ajili ya nyaya. Kuna njia za panya nyuma ya mabanda ya mitumba, unaongea na mtu huku Kenya, anakujibu uko Uganda. Madam akakataa katakata. Akatupeleka kupanga foleni ofisini na madereva wa malori na akina mama wenye vikapu vya samaki, na tulipofika mbele akaanza kumweleza ofisa vitu ambavyo bado hatujavinunua.

"Mama, ni waya tu?" ofisa akamuuliza. "Si uende tu."

"Nataka ujue," Madam akasema.

Ofisa akanigeukia mimi, akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyemsindikiza mgonjwa na ninapaswa kumrudisha nyumbani. Niliona aibu, nakwambia. Nilitembea mbele yake mpaka dukani.

Lakini huyohuyo alikuwa mchoyo, na hili nalisema bila kumsengenya kwa sababu nilimwambia usoni. Jikoni kwetu kuna rafu ya vitu vya chai ya saa nne. Sukari yangu ni yako, majani yako ni yangu, ndivyo tulivyoishi. Madam alikuwa na mkebe wake mdogo wa bati wenye kufuli. Kufuli kwenye mkebe wa sukari, jamani. Niliwahi kumwomba kijiko kimoja. Akanipa, akafunga, kesho yake asubuhi akapita karakana kwangu akasimama tu mlangoni hasemi, mpaka nikaelewa amekuja kudai kijiko chake cha sukari. Nilimwambia Madam, wewe ungekuwa kisima watu wangekufa kiu. Akacheka mpaka akavua miwani. Hakukasirika, na kufuli hakutoa.

Ila kitu alichojua, hakukifungia. Mtu wa kufagia akimuuliza kompyuta hukumbukaje mambo, Madam anaacha chakula kinapoa anamweleza mpaka aelewe. Anachora, anafuta, anachora tena. Mimi sijasomea kompyuta, na yote nitakayoyasema kuhusu ile mashine ni yeye aliyenifundisha, tena nimesimama mlangoni na spana mkononi. Ningependa kusema tabia hiyo ilimsaidia maishani. Ndiyo iliyomponza.

Ile mashine, alinieleza, ni moja lakini ndani imegawanywa kama ploti ya kupangisha. Kila idara ina chumba chake humo ndani: maabara chumba, duka la dawa chumba, rekodi chumba, uhasibu chumba. Kila chumba hujiona ni kompyuta nzima na hakijui kama kina majirani. Halafu kuna chumba cha mwangalizi wa ploti, ambacho kazi yake ni kutumwa na wengine. Sasa kuna kitu kinaitwa memori, ile nafasi ambayo mashine hufanyia kazi ikiwa imewashwa. "Ifikirie maji," Madam akaniambia. Mashine iliposimikwa, kila chumba kilipewa mitungi yake ya maji na kufuli lake. Uhasibu wakifunga ofisi Ijumaa, mitungi yao inakaa imejaa mpaka Jumatatu. Maabara wakiishiwa Jumamosi, hawana pa kuazima. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyejua.

Aliyevuruga amani ni Sista wa chumba cha watoto njiti. Na hakuvuruga kwa kupenda. Wafadhili walimletea vifaa: nyuzi nyembamba za kupimia joto, moja kwa kila inkubeta, yale masanduku ya kuwalaza watoto kwenye joto, na programu ya kuzisoma, na kengele ya kulia mtoto akianza kupoa. Programu ilitaka chumba chake ndani ya ile mashine ya Madam, na chumba kinataka memori, na memori yote ilishagawanywa. Bodi ikaulizwa, bodi ikasema mwaka huu haiwezekani. Basi vifaa vikakaa ofisini kwa Sista ndani ya maboksi, amevifunika kitambaa cha meza kama mtu anayetarajia wageni.

Sista ni mama mmoja mfupi, mnene, mtu wa Port Victoria, anayeongea kama anayepiga kelele juu ya mawimbi hata ukiwa umekaa karibu naye. Kazi yake aliifanya kwa mkono. Anapita inkubeta moja hadi nyingine, anaingiza mkono, anagusa miguu ya mtoto kwa mgongo wa vidole. Mguu ukiwa baridi, anajua. Siku aliyokuja kwa Madam nilikuwepo, nabadilisha swichi. Hakupiga kelele siku hiyo. "Madam," alisema, "mimi sina macho mgongoni. Nikiwa na huyu, yule anapoa. Nitafutie kanafasi, hata kadogo."

Madam akavua miwani akaanza kuifuta kwa pindo la sweta. Alifuta muda mrefu. Kisha akasema atatafuta, na mimi niliyemjua nikajua kwamba ameshabeba hilo jambo na hataliweka chini.

Dawa aliyoipata ilikuwa hii: kuvunja mitungi na kuweka tangi moja. Memori yote ikae pamoja, anayefanya kazi achote, aliyelala asishikilie. Aliniambia mashine yenyewe inaweza, imetengenezwa iweze, ila ni lazima iandaliwe, na maandalizi si mchezo. Chumba kinachotaka kuchota kwenye tangi hakiruhusiwi kumiliki chombo chake binafsi. Mitambo yake yote, diski, mtandao, kila kitu, lazima ipitie kwa mwangalizi wa ploti. Tena kila chumba kitengewe kona kwenye diski, ghala la dharura, ili tangi likipungua mashine ihamishie huko vitu visivyotumika kwanza. Ghala lenyewe ni zito, kuchukua kitu huko ni kama kutuma mtu Butula siku ya soko, atarudi lakini utangoja. Na ili kumhamisha mpangaji mmoja kutoka mtungi kwenda tangi, lazima umzime kabisa halafu umwashe upya. Kwa hivyo Jumapili baada ya ibada tulikuwa hospitalini, yeye bado na nguo za kanisani, mimi nikilinda umeme usitusaliti katikati.

Aliyemsumbua zaidi katika maandalizi ni mkuu wa maabara. Mashine yake ya kupima damu ilikuwa imeunganishwa na sava kwa kadi yake yenyewe, kibao cha umeme kilichochomekwa ndani, na kadi hiyo ilibidi itolewe. "Madam, hiyo kadi ilikuja na mashine yangu," alikuwa akisema. "Wewe toa za wengine." Madam alienda kwake wiki baada ya wiki. Chai inapoa, anaenda. Mvua inanyesha, anaenda. Nilimwambia Madam, wewe ndiye mwenye ufunguo, ingia uing'oe, huyo bwana hata hajui iko upande gani. Akaniangalia kama nimemwambia akaibe kuku. Mwishowe bwana alichoka akakubali, na Madam akaitoa ile kadi kwa mikono miwili, akaifunga kwenye karatasi safi, akampelekea. Mkuu wa maabara aliitundika ukutani ofisini kwake, na ukiingia utaiona mpaka leo.

Basi kila kitu kikawa tayari. Na hapo ndipo alipofanya lile ambalo nilimkataza. Aliitisha mkutano kuwaeleza wakuu wa idara jinsi tangi litakavyofanya kazi.

"Madam, wewe washa tu," nilimwambia. "Nani atajua?"

"Watakuja kujua niliingia kwao bila hodi," akasema.

Alisimama mbele yao akachora ploti, akachora tangi, akachora mabomba. Jamani, yule mama alieleza. Alieleza hadi wahasibu, ambao huwa wanasinzia, wakaamka. Akawaambia kwa nini tunafanya hivi, ni watoto wa Sista. Akawaambia pia kwamba mashine hukipa kila chumba uzito, ili tangi likipungua ijue nani achote kwanza, na kwamba chumba cha watoto amekipa uzito mkubwa kuliko vyote. Sista alikuwa amekaa nyuma, anaitikia kwa kichwa kila neno.

Mkuu wa rekodi akainua mkono. Huyu ni bwana mpole, mtu wa suti, huwezi kumshuku. "Kwa hivyo mimi nikienda lanchi, yangu inachukuliwa?"

"Inaazimwa," Madam akasema. "Ukirudi unarudishiwa."

"Na nikirudi nikute imeisha?"

"Utangoja kidogo."

Bwana akafungua daftari lake. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Lakini nikiwa bize, haichukuliwi?"

"Ukiwa bize, haichukuliwi," Madam akamjibu. Angedanganya hapo tu, mara moja maishani, angeokoa kila kitu. Lakini huyo ndiye Madam, aliulizwa akajibu. Mkuu wa rekodi akaandika, mkuu wa maabara akamtazama wa duka la dawa.

Kabla hata ya kuwasha, wakuu walishaenda kwa administreta kulalamikia ule uzito. Administreta ni mtu wa kutaka amani. Akamwita Madam akamwambia hapa hakuna idara kubwa wala ndogo, hospitali ni moja, wape wote sawa. Madam akabisha, akaeleza, akachora tena. Akaambiwa wape wote sawa. Akarudi akawapa wote sawa, na siku hiyo umeme ulipopotea hakuimba.

Hata hivyo tulipowasha, ilienda. Sitaki mtu adhani yule mama alikosea hesabu zake. Siku za kwanza maji yalikuwa yanatosha na kubaki. Chumba cha watoto kikapata nafasi yake, Sista akawekewa skrini, kila mtoto na joto lake linaonekana. Madam alinivuta mkono twende tukaone. Tulimkuta Sista amekaa. Amekaa kwenye kiti, ameegemea, anaangalia skrini, na mimi tangu nimjue sikuwahi kumwona Sista amekaa akiwa zamu. "Fundi, usimguse," Madam akaninong'oneza, kana kwamba nilikuwa na mpango wa kumgusa. Alikuwa na furaha, yule mama, na mimi nilifurahi kwa sababu yake.

Halafu wakaanza kuwa bize.

Mkuu wa rekodi ndiye aliyetangulia. Asubuhi akifika anaagiza ripoti ya wagonjwa wote tangu hospitali ifunguliwe, katika kompyuta zote za idara yake, na anaiacha ijipike. Anaenda chai, inaendelea. Anaenda lanchi, inaendelea. Haisomi. Duka la dawa wakaanza kuhesabu upya stoo waliyomaliza kuihesabu. Maabara wakafungua majibu ya zamani, kurasa juu ya kurasa. Hata uhasibu wakaacha hesabu zikizunguka Ijumaa jioni, ofisi imefungwa, wenyewe wako nyumbani. Ni kama wale wanaoweka Biblia kwenye benchi la kanisa kisha wanatoka nje kupiga stori. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Kila mmoja aliogopa tu kukutwa amekaa bure akanyang'anywa. Mashine ikaanza kutumatuma mambo kwenye ghala, kila kitu kikawa kizito, na kwa kuwa kilikuwa kizito, kila idara ikaamini kwamba tayari imeibiwa, ikaongeza ripoti nyingine.

Madam alienda mlango kwa mlango. Hodi, hodi. Nilimsindikiza kwa mkuu wa rekodi, nikijifanya naangalia taa.

"Boss, hizo ripoti unazihitaji kweli?"

"Nazihitaji, Madam. Kazi ni nyingi siku hizi."

"Zote?"

"Madam, ulituambia mwenyewe. Si ulisema nikiwa bize haichukuliwi? Mimi niko bize." Alisema hivyo kwa heshima, akampa kiti, akamuuliza kama atakunywa chai.

Angesema nini? Ripoti ni haki yake. Mashine haijui ripoti ya kazi na ripoti ya woga, na hata mimi singeweza kuzitofautisha. Alienda kwa administreta, akaambiwa, "Sasa Madam, unataka niwaambie watu waache kufanya kazi?" Nilimshauri avunje tangi, arudishe mitungi na makufuli yao, washindwe huko. Akavua miwani. "Nikirudisha mitungi, fundi, mtoto hana chumba." Na ilikuwa kweli. Kurudi nyuma ni kumtoa Sista, kusonga mbele ni kumweka Sista kwenye foleni na watu wanaochota maji ya kumwaga. Niliona hapo kwamba hana pa kwenda, na yeye aliona kwamba nimeona.

Iliendelea hivyo mpaka asubuhi moja ya mvua, mvua ya baridi ile inayotoka upande wa mlima. Niliitwa chumba cha watoto kwa sababu waya wa joto ndani ya inkubeta moja umeungua. Nilipofika, yule mtoto hakuwa humo tena. Sista alikuwa amepita, kwa mazoea yake tu, akaingiza mkono, akakuta miguu imeshakuwa baridi. Akamtoa, akamvua mama yake blauzi, akamlaza mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika kwa blanketi na shuka na sweta lake mwenyewe. Tulisimama pale. Mama analia bila sauti. Sista amepiga magoti, mkono wake uko chini ya blanketi umeshika vile vidole vya miguu. Baada ya muda akasema, "Anarudi. Anapata joto."

Ndipo kengele ikalia, baada ya kungoja zamu yake kwenye tangi. Ililia kwa nguvu, taa nyekundu inawaka, juu ya sanduku ambalo halina mtoto. Madam alikuwa mlangoni, sijui alifika saa ngapi. Hakuna aliyemwangalia kwa lawama, nakwambia ukweli, na labda hiyo ndiyo ilimuumiza. Sista akanyanyuka kwa shida, akaenda kwenye skrini, akasimama bila kuigusa.

"Zima tu, Sista," Madam akasema.

Sista akaizima. Mtoto alipona, akaenda kwao, nasikia ni msumbufu sana. Lakini skrini haikuwashwa tena, na Sista hakukaa tena kwenye kile kiti.

Madam alirudisha mitungi Jumapili iliyofuata. Aliwapigia hodi wote kuwaambia. Ripoti zote zikakoma siku hiyohiyo, mashine ikawa nyepesi, watu wakamsifu kwamba ametengeneza. Mkataba wake ulipoisha hakuomba mwingine. Tulimfanyia sherehe ya soda na keki, na mkuu wa rekodi akatoa hotuba ndefu, ya kutoka moyoni, kuhusu ushirikiano. Madam alipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikawasha jenereta na umeme upo, nilitaka kelele tu.

Alirudi kwao Malaba, kwa mama yake mzazi. Sikumwona tena mpaka juzi hapa nilipotumwa huko kutafuta kipuri cha jenereta. Nilikuwa na habari nzuri, nilikuwa naiwasha na kuizima mdomoni njia nzima. Nilimkuta uani, foleni ya malori inaonekana barabarani kutoka pale, anaanika mihogo kwenye turubai. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinisalimu "Yoga" kama Mteso yeyote, kisha akakumbuka kwamba mimi ni wa Butula, akaongeza "Mulembe", salamu ya kwetu, kwa kunitania, akaniletea kigoda.

"Madam," nikamwambia, "bodi imenunua memori. Nyingi. Mashine imejaa mpaka mtaalamu mpya anacheka."

Aliacha mihogo. Uso ulimfunguka, sikumbuki kuuona hivyo tangu ile siku ya kiti cha Sista. "Kweli, fundi?"

"Kweli. Kulikuwa na sherehe, padre akaombea mashine. Maabara wameongezewa mara mbili. Duka la dawa mara mbili. Rekodi, uhasibu, hata administreta amepata chumba chake. Kila mkuu alisimama akashukuru kwa alichopewa."

"Na watoto?"

Nilianza kuipitia ile sherehe kichwani, nani alisimama, nani alitajwa. "Hawakutajwa," nikasema.

"Sista alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikaa nyuma karibu na mlango."

"Hakuomba nafasi?"

"Hakuomba, Madam. Alipiga makofi na wengine."

Akainama, akaendelea kugeuza mihogo, kipande kimoja kimoja, upande mbichi juu. Nilitaka kumwambia twende, panda pikipiki sasa hivi twende ukawaambie. Lakini angewaambia nini ambacho hakuwaambia? Na mimi ningewaambia nini, mtu wa jenereta? Lori moja likawashwa barabarani, likasogea kidogo, likazimwa tena. Kutoka ndani ya nyumba mama yake, sauti ya kikongwe, akauliza ni nani amekuja.

"Ni fundi wa hospitali, Toto," Madam akamjibu, na Toto kwa lugha yao ni mama. "Amekuja kuniambia wamepata."

"Mungu asifiwe," kikongwe akasema kutoka ndani.

Tukasema amina, sote wawili, kwa sababu mtu mzee akimsifu Mungu huwezi kumwacha peke yake.